Mwingereza Yupi?

Wiki mbili zilizopita mpwa wangu, bintiye dada yangu, alikuja kwangu baada ya sala ya alasiri, akakaa barazani bila ya kusema neno. Nilikuwa na habari kwamba asubuhi ile alikwenda kuhojiwa kazi katika kampuni moja hapa Mombasa, kazi ya kujibu simu za wateja. Nikamwacha anywe chai yake mpaka ikesha. Kisha nikamwuliza, "Vipi huko mwanangu?"

Akanijibu, "Mjomba, vyeti walivisifu. Lakini yule bwana alinikatiza maneno mara tatu. Alisema Kiingereza changu kinanuka Kiswahili, ati natia 'r' mahali isipotakiwa. Akaniambia niende nikajifunze kusema kama Mwingereza, kisha ndipo nirudi."

Kazi hakuipata. Hilo halikunisononesha sana, kwani riziki ni kwa Mwenyezi Mungu na mlango mmoja ukifungwa hufunguka mwingine. Lililoniuma ni swali aliloniuliza wakati wa kuaga: "Hivi Mjomba, ni kweli Kiswahili kimeniharibu ulimi?" Msichana huyu alipasi mtihani wake wa Kiingereza vizuri kuliko wenziwe wengi, na sasa anauonea shaka ulimi alionyonya nao maziwa ya mamake.

Nilimjibu pale pale kwa swali langu, nami nalirudia leo katika ukurasa huu ili walisikie waajiri, walimu na wazazi. Mtu aambiwapo aseme kama Mwingereza, ni Mwingereza yupi huyo?

Mimi si mwalimu wa Kiingereza. Ujanani mwangu, kabla sijaingia katika kazi ya gazeti, nilikuwa karani wa kupokea wageni katika hoteli moja ya pwani. Nilikwenda pale nikijiona najua Kiingereza, maana nilikisoma vitabuni. Siku ya kwanza alikuja mgeni mzee kutoka Newcastle, kaskazini mwa Uingereza. Akaniambia maneno kama matano hivi, nami sikushika hata moja. Mahali pa "go" alisema "gan", na mengine yote yalinipita kama upepo. Nikamwomba arudie, akarudia kwa upole, nikazidi kupotea. Usiku ule nililala nikiwalaumu walimu wangu. Baadaye ndipo nilipofahamu kwamba mzee yule hakukosea, wala walimu wangu hawakunidanganya. Yeye alikuwa akisema Kiingereza cha kwao, na neno lake "gan" lina umri wa zaidi ya miaka elfu moja.

Tangu siku hizo nikawa nawasikiliza wageni kwa sikio la chuoni. Maana sisi tuliosoma chuo tulifunzwa herufi na mahali pake pa kutokea, ipi ya koo, ipi ya ulimi, ipi ya midomo, na ukikosea mwalimu hakuachilii. Kwa sikio hilo nikawasikia Waingereza wakisema herufi ambazo kitabu hakikunitajia. Mtu wa mitaa ya mashariki ya London akisema "water" huimeza ile "t" ya katikati na kuweka hamza safi kabisa. Wazee wa Northumberland walikuwa na "r" yao itokayo kooni, inayokaribiana na ghaini. Mskoti akitaja ziwa lake, "loch", humalizia kwa khe ambayo mwalimu wangu wa chuo angeikubali. Na kijana wa Liverpool akisema "back", ile "k" ya mwisho huikwaruza mpaka ikaelekea hiyo khe pia. Nikajiuliza, haya yote yametoka wapi? Kisiwa ni kimoja na lugha ni moja, mbona ndimi ni nyingi hivi? Nikaanza kutafuta katika vitabu, na haya ndiyo niliyoyapata.

Kwanza, Kiingereza hakikuzaliwa kikiwa kimoja. Katika karne ya tano, baada ya majeshi ya Warumi kuondoka, makabila kutoka pwani za Ujerumani na Denmark ya leo yalivuka bahari na kuingia kisiwani. Mtawa mmoja aitwaye Bede, aliyemaliza kitabu chake cha historia mwaka 731, aliyataja matatu: Waangli, Wasaksoni na Wajuti. Wajuti walikaa Kent na kisiwa cha Wight. Wasaksoni walishika kusini, na mpaka leo majina ya Essex na Sussex yamebeba jina lao. Waangli walishika katikati na kaskazini mpaka kuingia nchi ya Skoti. Kila kundi lilikuja na usemi wake. Kwa hivyo tangu mwanzo palikuwa na lahaja kubwa nne: ya Northumbria, ya Mercia, ya Kent na ya Wessex. Hapakuwa na hata moja iliyokuwa mama na nyingine zikawa watoto walioharibika. Zote zilikuwa ndugu wa tumbo moja.

Lahaja ya Wessex ndiyo iliyopata heshima ya kwanza. Sababu yake ni mfalme Alfred, aliyetawala kuanzia mwaka 871 hadi 899, ambaye alitaka vitabu vya Kilatini vifasiriwe kwa lugha ya watu wake. Kwa kuwa kalamu ilikuwa huko, maandiko mengi yaliyotufikia ya zama hizo ni ya lahaja ya huko. Angalia basi, ndugu msomaji, namna mambo yanavyokwenda. Lahaja hupata heshima kwa kuwa na mfalme na wino, na walio mbali na wino huja wakaonekana kama hawakusema kitu.

Kisha wakaja Wadenmaki na Wanorwe kwa majahazi. Mwaka 793 waliishambulia nyumba ya watawa ya Lindisfarne. Mwaka 865 likaja jeshi kubwa, na mwaka uliofuata wakauteka mji wa York. Hawa hawakuiba tu wakaondoka. Wengi walikaa, wakalima, wakaoa, na nusu ya kaskazini na mashariki ya nchi ikawa chini ya sheria yao. Miji yenye majina yanayoishia kwa "by", kama Derby, Whitby na Grimsby, ni alama ya makazi yao. Katika mji wa York, mitaa mingi ya zamani huitwa "gate", na mgeni hudhani ni lango, kumbe katika lugha ya wale mabaharia neno hilo lina maana ya njia. Hata maneno madogo ambayo Mwingereza hawezi kuishi bila yake, kama "they", "them" na "their", asili yake ni ya hao waliokuja kama maharamia. Leo mtu wa Yorkshire akiuita mto mdogo "beck", asichekwe. Ana ushahidi wa miaka elfu moja mdomoni mwake.

Mwaka 1066 wakaingia Wanormani kutoka Ufaransa, wakashika serikali, mahakama na ardhi. Kwa muda wa karibu miaka mia tatu Kifaransa kikawa lugha ya wakubwa, na Kiingereza kikaachiwa wakulima na wachungaji. Ndiyo maana mnyama akiwa zizini huitwa kwa neno la Kiingereza, "cow" au "sheep", na akifika mezani mwa bwana huitwa kwa neno lenye asili ya Kifaransa, "beef" au "mutton". Katika muda huo hapakuwa na mtu wa kukilinda Kiingereza wala wa kukinyoosha, kwa hivyo kila jimbo likaenda na lake. Mshairi Chaucer, mwishoni mwa karne ya kumi na nne, alipotunga hadithi yenye vijana wawili wa kaskazini waliokuwa wanafunzi Cambridge, aliwapa usemi wa kwao hasa. Watu wa London walicheka. Lakini katika hadithi hiyo ni wale vijana wa kaskazini waliomshinda yule mwenye kinu aliyejiona mjanja.

Kuna kisa kimoja alichokiandika William Caxton mwaka 1490. Huyu ndiye aliyeleta mtambo wa kupigia chapa Uingereza, akaufungua Westminster mwaka 1476. Anasimulia kwamba wafanyabiashara fulani walikuwa katika chombo mto Thames, wakielekea Uholanzi. Upepo ukakataa, nao wakashuka pwani ya Kent kutafuta chakula. Mmoja wao akamwendea mwanamke wa nyumba moja, akamwomba mayai, akatumia neno "egges", ambalo ni la kaskazini na lililetwa na wale Wadenmaki. Yule mama akajibu kwamba yeye hajui Kifaransa. Yule mwanamume akaghadhibika, kwani yeye naye hakuwa akijua Kifaransa, alichotaka ni mayai tu. Mwenziwe akaingilia kati, akasema wanataka "eyren", neno la kusini. Hapo yule mama akafahamu.

Caxton alikisimulia kisa hiki kwa sababu alikuwa na taabu ya kweli. Mtambo wake ulikuwa ukitoa nakala nyingi za kitabu kimoja, naye alitaka kuuza kila mahali. Je, aandike "egges" au "eyren"? Hakimu wa jambo hilo hakuwa mwanachuoni, alikuwa ni soko. Mtambo ulikuwa Westminster, serikali ilikuwa hapo hapo, na fedha zilikuwa London. Basi Kiingereza kilichopigwa chapa kikawa cha London na majimbo ya karibu yake, kikichanganya na maneno waliyokuja nayo watu wa katikati na kaskazini waliohamia mjini kutafuta maisha. Leo duniani kote watu hula "eggs". Neno la mgeni ndilo lililoshinda, na yule mama wa Kent, aliyekuwa kwao na neno la wazee wake, limempotea.

Mwaka 1589 George Puttenham, katika kitabu chake cha kuwafundisha watu utungaji wa mashairi, aliwashauri washairi wafuate usemi wa nyumba ya mfalme, wa London, na wa majimbo yaliyo ndani ya maili 60 kuizunguka. Mimi ni mshairi pia, na nimeyapima sana maneno hayo. Maili 60! Kama kwamba lugha ni kisima, na atekaye mbali ni mchafu.

Sasa tuitazame ile "r" iliyomnyima mpwa wangu kazi. Katika zama za Shakespeare, aliyekufa mwaka 1616, Waingereza kwa jumla waliitamka "r" popote ilipoandikwa, katika "work", katika "bird", katika "father". Kulegea kwake kulikuja baadaye, kukaenea kusini mwa Uingereza katika karne ya kumi na nane. Mwaka 1791 John Walker, katika kamusi yake ya matamshi, alieleza kwamba "r" ya London imekwisha kuwa dhaifu mno. Lakini Waskoti hawakuiacha, Wairishi hawakuiacha, na wakulima wa kusini-magharibi, huko Devon na Somerset, wengi wao hawakuiacha. Wamarekani nao wengi wanayo, kwani wazee wao wa kwanza walitia nanga Virginia mwaka 1607, kabla ya mtindo huo wa London. Alhasili, msichana wa Mombasa akiitamka "r" katika neno "work", yumo pamoja na mamilioni ya wenye lugha hiyo, na pamoja na Shakespeare mwenyewe. Aliyemkatiza ndiye aliyeshika desturi ya juzi.

Ndivyo ilivyo na irabu. Watu wa kaskazini mwa Uingereza hulitamka neno "cup" kwa sauti iliyo karibu na "u" yetu, na "bath" kwa "a" fupi. Watu wa kusini huwacheka kwamba wanasema vibaya. Kumbe hayo ya kaskazini ndiyo ya zamani. Watu wa kusini ndio waliobadili, lile la kwanza katika karne ya kumi na saba na la pili baadaye. Na Mskoti aitaye nyumba "hoose" ameshika sauti iliyokuwako kabla ya mageuzi makubwa ya irabu yaliyoanza yapata mwaka 1400. Mara nyingi anayeitwa mshamba ndiye mwenye kuhifadhi amana.

Sisemi kwamba cha kale ndicho bora siku zote. Liverpool ni bandari kama yetu, na usemi wake ni mpya. Katika ile njaa kubwa ya Ireland, iliyoanza mwaka 1845 viazi vilipooza, watu kwa malaki walivuka bahari wakashukia hapo. Mwaka 1847 peke yake walifika karibu laki tatu. Wengine waliendelea Marekani, wengine walibaki wakafanya kazi gatini. Usemi wao ukaingia katika usemi wa wenyeji wa Lancashire na wa Wawelishi waliokuwapo, ukatoka usemi uitwao Scouse, jina lililotokana na mchuzi wa mabaharia. Sisi tuliozaliwa karibu na Kilindini hatuhitaji kufundishwa jambo hili. Tunajua bandari hufanya nini na maneno.

Basi hicho kinachoitwa Kiingereza cha Mwingereza kilitoka wapi? Kilitoka hasa katika shule za bweni za matajiri katika karne ya kumi na tisa. Watoto wa kiume walichukuliwa kutoka kila jimbo, wakafungiwa pamoja, wakatoka na sauti moja isiyojulisha mtu ametoka mji gani, ila imejulisha babake ana kiasi gani. Mtaalamu Daniel Jones, alipotoa kamusi yake ya matamshi mwaka 1917, aliyataja matamshi hayo waziwazi kuwa ni ya shule hizo. Kisha ikaja redio. BBC ilianza mwaka 1922, na mwaka 1926 ikaunda kamati ya kuwashauri watangazaji namna ya kutamka. Sauti ya watu wachache ikaingia katika nyumba zote za Waingereza, na kwa mawimbi ikafika mpaka kwetu, nasi tukadhani huyo ndiye Mwingereza. Katika Vita vya Pili, mwaka 1941, BBC ilimpa habari kuzisoma Wilfred Pickles, mtu wa Yorkshire, naye akawatakia watu wa kaskazini usiku mwema kwa tamshi la kwao. Barua za malalamiko zikamiminika. Wako waliosema hawawezi kuziamini habari zilizosomwa kwa sauti ile. Habari ni zile zile na vita ni vile vile, lakini kwa kuwa msomaji alikuwa na sauti ya mtu wa kiwandani, ukweli wenyewe ulitiwa shaka!

Hapa ndipo penye madhara, nami nataka msomaji aniangalie vizuri. Lafudhi humjulisha mtu ametoka wapi. Haimjulishi ni mtu wa namna gani. Waingereza walilipa kwa damu kulijua hilo. Katika miaka ya 1975 hadi 1980 muuaji mmoja aliwaua wanawake 13 kaskazini mwa nchi yao. Mwezi wa Juni 1979 polisi walipelekewa kanda ya sauti, mtu akijidai kuwa yeye ndiye muuaji. Wakaitwa wataalamu wa usemi wa Chuo Kikuu cha Leeds. Mmoja wao, Stanley Ellis, alikuwa ametembea vijiji vingi katika uchunguzi mkubwa wa lahaja za Kiingereza, ambao tangu 1950 hadi 1961 ulikusanya usemi wa mahali 313. Aliisikiliza kanda, akasema mtu huyu ni wa Sunderland, akataja hata mtaa wa Castletown. Polisi wakaishika habari hiyo kwa mikono miwili. Wataalamu walionya kwamba huenda huyo ni mzushi tu, lakini onyo halikupewa uzito. Ikawa mtu asiye na lafudhi ya Sunderland huachiliwa. Muuaji hasa alikuwa mtu wa Yorkshire, na polisi walikuwa wamemhoji zaidi ya mara moja. Wanawake watatu zaidi waliuawa kabla hajakamatwa Januari 1981. Mwenye kanda alijulikana mwaka 2005. Alikuwa kweli mtu wa Sunderland, wa karibu na Castletown, na alikuwa mwongo. Sikio la mtaalamu halikukosea. Waliokosea ni wale waliotaka lafudhi iwajibu swali ambalo lafudhi haina jawabu lake.

Na upande wa pili mtazameni Joseph Wright. Alizaliwa Yorkshire mwaka 1855 katika ufukara. Akiwa na miaka sita aliendesha punda katika machimbo ya mawe, na akiwa na saba aliingia kiwanda cha nguo. Alifika miaka kumi na mitano hajui kusoma gazeti. Akajifunza usiku baada ya kazi, akaendelea mpaka Ujerumani, akawa profesa wa Oxford. Kati ya mwaka 1898 na 1905 alitoa kamusi ya lahaja za Kiingereza, majuzuu sita. Usemi wa kwao, ambao wengine wangemtaka auone haya, ndio uliomfungulia njia ya elimu. Laiti angalihojiwa na yule bwana wa kampuni, angalirudishwa punda wake.

Tusiwacheke Waingereza peke yao, maana ugonjwa huu tumeurithi. Katika karne ya kumi na tisa, huko Wales, mtoto aliyesikika shuleni akisema Kiwelishi alivikwa shingoni kipande cha ubao chenye herufi mbili, naye alikibeba mpaka amsikie mwenziwe akisema Kiwelishi amvike yeye. Aliyebaki nacho jioni alichapwa. Msomaji wa rika langu ameanza kutabasamu kwa uchungu, kwani kipande hicho anakijua. Ngũgĩ wa Thiong'o aliyaeleza mambo ya namna hiyo ya shule za Kenya katika kitabu chake cha mwaka 1986. Katika shule niliyosoma mimi kilikuwapo pia, na nilikivaa, kosa langu likiwa kumwambia rafiki yangu kwa Kiswahili kwamba kengele imelia.

Nasi wenyewe kwa wenyewe je? Mwaka 1928 mkutano ulifanyika hapa hapa Mombasa, Kiunguja kikachaguliwa kuwa Kiswahili cha shule na vitabu, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya kukisimamia. Sina ugomvi na Kiunguja. Shule zilihitaji kitabu kimoja, na ndicho ninachokiandikia hapa. Lakini tangu hapo mtoto wa Mvita akisema "mtele" na "kuteka" badala ya mchele na kucheka, au mtoto wa Lamu akisema "mato" na "ndaa", mwalimu humwekea alama nyekundu, kana kwamba Muyaka hakutunga kwa Kimvita, na kana kwamba tenzi zetu hazikuandikwa kwa Kiamu miaka mingi kabla ya kamati kuzaliwa. Makubaliano ya kuandika tumeyageuza kuwa hukumu juu ya watu.

Najua nitajibiwa kwamba kazi ya simu inataka mtu asikike na afahamike. Kweli kabisa. Mpwa wangu akisema neno lisifahamike, na afunzwe, wala asinune. Mimi mwenyewe yule mzee wa Newcastle alinisemesha polepole mara ya tatu ndipo nikamtafutia chumba chake, na kila mmoja wetu alimsogelea mwenziwe nusu ya njia. Hiyo ndiyo adabu ya mazungumzo. Lakini yule bwana hakusema kwamba hakumfahamu. Alimfahamu barabara, maana alimsahihisha. Alichokikataa ni dalili kwamba msichana huyu ametoka mahali.

Basi rai yangu ni hii. Mwajiri ampime mtu kwa kufahamika kwake na kwa kazi yake. Mwalimu afundishe Kiingereza cha kitabu na Kiswahili cha kitabu, bila ya kuutukana ulimi ambao mtoto amekuja nao kutoka kwao. Na mzazi asimcheke mtoto wake mbele ya wageni. Tofauti ya ndimi zetu imetajwa kuwa ni katika ishara za Mwenyezi Mungu, na ishara haifutwi kwa kalamu nyekundu.

Mpwa wangu nilimweleza haya yote jioni ile, mpaka adhana ya magharibi ikatukatiza. Amepeleka maombi mahali pengine. Aliponiuliza kama aifanyie mazoezi ile "r", nilimwambia, "Ifanyie mazoezi ikikupendeza, lakini usiiombee msamaha." Na kama ilivyo ada ya ukurasa huu, nafunga kwa ubeti mmoja:

Mwana usimuonee, kwa sauti ya kikwao,
Neno lake upokee, ulipime kwa kituo,
Asili isipotee, iwe kwake kimbilio,
Kila ulimi na kwao, si aibu kusikika.